Sokwe 125, matoleo 11: tunapima nini tunapopima kinga ya wanyamapori?

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Emily Wroblewski walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya sokwe wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma. Walisoma jeni moja tu ya kinga, iitwayo Patr-B, katika sokwe 125, wakakuta matoleo 11 ya jeni hiyo. Mpe mtu yeyote namba hizo mbili bila maelezo mengine, na swali lake la kwanza litakuwa: matoleo 11 ni mengi au machache? Naamini swali hilo, likiulizwa hivyo, halina jibu. Hata hivyo kwa takribani miaka arobaini sehemu kubwa ya mjadala kuhusu afya ya vinasaba vya wanyamapori imekuwa ikizunguka hapo hapo, na mapendekezo mazito kuhusu wanyama wetu yametolewa kwa kuangalia idadi na kuishia kwenye idadi.

Tuelewane kwanza kinachopimwa. Patr-B ni mojawapo ya jeni za kundi linalojulikana kwa kifupi kama MHC. Kwa binadamu kundi hilo huitwa HLA, na ndilo madaktari hulilinganisha kati ya mtoaji na mpokeaji kabla ya kupandikiza figo. Seli za mwili hukatakata protini zilizomo ndani yake kuwa vipande vifupi. Molekuli za MHC huvipokea vipande hivyo na kuvipeleka juu ya utando wa seli, kama mpishi anayetoa sinia nje ya jiko ili mkaguzi aone kinachopikwa ndani. Mkaguzi ni seli nyeupe za kinga. Zikikuta kipande cha kirusi katikati ya vipande vya kawaida, seli iliyokitoa huuawa kabla kirusi hakijazaliana zaidi. MHC za daraja la kwanza huonyesha hasa yaliyomo ndani ya seli, ndiyo maana zina uzito mkubwa katika vita dhidi ya virusi. Za daraja la pili huonyesha yaliyomezwa kutoka nje, kama bakteria na mabaki ya minyoo.

Kila toleo la jeni hutengeneza molekuli yenye mfereji wa umbo lake, na mfereji huo hushika aina fulani tu za vipande. Kirusi kikibadilika kidogo, kipande chake kinaweza kushindwa kukaa, na seli ikaonekana nzima huku ndani imeshatekwa. Kwa sababu hiyo mnyama aliyerithi matoleo mawili tofauti kwa baba na kwa mama ana nafasi kubwa zaidi ya kumfichua adui, na kundi lenye matoleo mengi ni vigumu kuangushwa lote na ugonjwa mmoja. Toleo adimu nalo lina faida yake, maana vimelea huzoea kukwepa yaliyoenea. Kwa binadamu matoleo ya HLA yaliyokwisha kusajiliwa yanahesabika kwa makumi ya maelfu.

Mantiki hiyo siipingi hata kidogo. Inapoanza kupotoka ni pale mtu anapoigeuza kuwa kanuni ya kuhukumia kundi zima: matoleo mengi ni afya, machache ni kifo. Gombe inaonyesha kwa nini haiwi hivyo.

Kazi ile ilitegemea hasa kinyesi. Mfanyakazi wa uwandani huwafuata sokwe tangu wanaposhuka kwenye viota vyao asubuhi, akijua kwa sura nani ni nani. Kinyesi kikidondoka naye akawa amemwona aliyekitoa, huchota kiasi kidogo kwa kijiti, hukitia kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, na kuandika juu yake jina la sokwe, tarehe na mahali. Jina ndilo lenye thamani kuliko vyote. Kichupa kisicho na jina kinaweza kukupa toleo la jeni, lakini hakiwezi kukuambia limetoka kwa mtoto wa nani, aliyehamia lini, mwenye watoto wangapi walio hai. Gombe wanayajua hayo kwa sababu sokwe wale wamefuatiliwa tangu Jane Goodall alipofika pale mwaka 1960. Na mwaka 1975, baada ya wanafunzi wanne kutekwa nyara na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, watafiti wa kigeni waliondoka na uandishi wa kumbukumbu za kila siku ukabaki mikononi mwa Watanzania. Haukukatika. Ninapousoma utafiti wa 2015 naona kila ukurasa umesimama juu ya kazi ya watu hao.

Mwaka 2002 ilithibitika kwamba sokwe wa Gombe wana SIV, kirusi ndugu wa VVU. Niseme mapema, ili mtu asije akawaogopa sokwe wa Kigoma bure, kwamba chimbuko la janga la VVU ni sokwe wa Afrika ya Kati upande wa magharibi, huko Kameruni, wala si wa Gombe. Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani SIV huishi ndani ya wanyama wake wa asili bila kuwadhuru. Mwaka 2009 utafiti ulioongozwa na Brandon Keele ulionyesha kwamba kwa sokwe wa Gombe mambo ni tofauti: mwenye SIV alikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya mwenzake wa umri ule ule asiyekuwa nayo.

Sasa yale matoleo 11 yanaanza kusema. Gombe ina jamii tatu za sokwe: Mitumba upande wa kaskazini, Kasekela katikati na Kalande kusini. Mitumba na Kasekela zilikuwa zikiongezeka, na SIV ilikuwa kwa wachache. Kalande ilikuwa ikipungua, maambukizi yakiwa makubwa zaidi, vifo na kuhama vikiandamana nayo. Katika jamii mbili za kwanza kulikuwa na matoleo machache yaliyoenea sana na mengine mengi adimu, na mgao huo ulikuwa umetulia. Mtu aliyekuja na mashine bila kumbukumbu za uwandani angetamka haraka kwamba yaliyoenea ndiyo yenye nguvu dhidi ya maradhi. Kumbe chanzo kilikuwa uzazi. Kaskazini, sokwe waliohamia kutoka nje walizaa sana, na matoleo waliyokuja nayo yakaenea pamoja na watoto wao. Katikati, waliozaa sana ni wale wenye vyeo vya juu katika jamii. Cheo na malezi mema vinaweza kulisukuma toleo mbele bila kirusi kuhusika popote.

Kusini hali ilikuwa nyingine. Mgao wa matoleo ulikuwa ukibadilika, na yaliyoongezeka ni yale yanayoweza kuwasiliana na kikosi kingine cha kinga, zile seli ziitwazo wauaji wa asili. Katika sokwe wenye SIV lilijitokeza zaidi toleo liitwalo Patr-B*06:03. Kwa umbo na kwa kazi linafanana mno na HLA-B*57 ya binadamu, ambalo kuliko jingine lolote limehusishwa na kuchelewa kwa VVU kumfikisha mtu kwenye Ukimwi. Sokwe wenye toleo hilo walionyesha virusi vichache zaidi kwenye kinyesi. Unaweza kushangaa toleo la kinga kuonekana zaidi kwa wagonjwa. Tafsiri ninayoiona yenye nguvu ni kwamba mgonjwa anayeishi muda mrefu ndiye anayebaki kuhesabiwa, ilhali wengine wameshakufa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosomeka kwenye namba 11. Ukiongeza jeni, ukiongeza sokwe, ukanunua mashine bora kuliko zote, bado hutalipata bila kujua nani alizaa na nani na nani alikufa lini.

Aliyetufundisha kuogopa namba ndogo ni duma. Mwaka 1983 Stephen O'Brien na wenzake walitangaza kwamba duma wana tofauti ndogo mno za vinasaba. Mwaka 1985 wakaleta ushahidi ambao mpaka leo unasimuliwa: walichukua vipande vya ngozi kwa duma wasio na udugu wa karibu, wakavipandikiza kwa wenzao, na miili ikavipokea. Ngozi ya paka wa nyumbani ilikataliwa, kwa hiyo kinga yao ilikuwa hai. Ila haikuona tofauti kubwa kati ya duma na duma. Miaka hiyo hiyo kirusi cha korona cha paka kiliingia kwenye bustani ya wanyama ya Wildlife Safari huko Oregon, Marekani, kikaua zaidi ya nusu ya duma, huku simba wa bustani ile ile wakisalimika. Picha ikakamilika vichwani mwa watu: duma wote ni kama mapacha, na siku ugonjwa ukiingia nyikani watakwisha. Hadi leo utaisikia simulizi hiyo ndani ya magari ya watalii.

Lakini uwanda wa Serengeti ulikuwa na maelezo yake. Karen Laurenson, aliyefuatilia watoto wa duma tangu wakiwa mafichoni, alikuta kwamba kati ya kila watoto 100 ni kama watano tu waliofikia kujitegemea, na wengi waliokufa waliuawa na wanyama wanaowinda, simba wakiongoza. Mwaka 1994 yeye na Tim Caro waliandika kuwatahadharisha wenzao: hakukuwa na ushahidi kwamba upungufu wa vinasaba ndio uliokuwa ukiwamaliza duma wa nyikani. Kisha mwaka 2011 Aines Castro-Prieto, Bettina Wachter na Simone Sommer wakatoa matokeo ya duma 149 wa Namibia. Walikuta matoleo 10 ya MHC daraja la kwanza na manne ya daraja la pili. Ni machache ukilinganisha na wanyama wengine, ila ni mengi kuliko ilivyoaminika, na duma hao wa nyikani hawakuwa wakianguka kwa maambukizi.

Sioni haja ya kumshinda mtu hapa. Ngozi za 1985 zilisema kweli na msiba wa Oregon ulitokea. Kilichorukwa ni hatua ya kutoka bustanini hadi porini. Duma wa bustani wanalishwa, wanalala na kujisaidia katika eneo moja dogo, na kirusi kile huenea kwa kinyesi. Duma wa porini hutawanyika katika nchi pana, na jike hutembea peke yake na watoto wake. Kirusi kile kile, jeni zile zile, na hatari tofauti kabisa.

Upande wa pili wa shilingi upo pia. Kwenye kisiwa cha San Nicolas, pwani ya California, kuna mbweha ambao kwa vipimo vya kawaida vya vinasaba ni karibu nakala moja. Mwaka 2004 Andres Aguilar na wenzake walipopima MHC zao walikuta tofauti nyingi zimebaki, zikiwa zimeshikiliwa na uteuzi wa asili wakati mengine yote yamepotea. Nyati wa Afrika nao walichekechwa na sotoka miaka ya 1890, wakafa kwa wingi wa kutisha, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta jeni yao moja ya MHC, DRB3, haikupoteza sana. Kwa hiyo hata anayesema "nimepima vinasaba kwa ujumla, inatosha" hajapima kinga.

Mfano ninaoutaka kila mtunga sera wa uhifadhi Afrika Mashariki aujue kwa moyo ni wa simba wa Serengeti na Kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1962 nzi wang'atao wa jamii ya Stomoxys walizidi Kreta, wakawatesa simba vidonda na unyonge hadi wakabaki kama 10. Kundi lililofuata lilitokana na waasisi wapatao 15, wakiwemo madume walioingia kutoka nje, na baada ya miaka michache madume wa nje wakawa hawaingii tena. Vipimo vya vinasaba vilionyesha mapema kwamba simba wa Kreta wana tofauti ndogo kuliko wa Serengeti. Kwa kanuni ya "mengi ni afya", wa kuogopewa ni wa Kreta, na wa Serengeti wangepaswa kuwa salama.

Mwaka 1994 distempa ya mbwa, ugonjwa wa kirusi, iliingia Serengeti, ikihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na takribani theluthi moja ya simba wakafa, idadi inayokadiriwa kufika 1,000. Simba wakubwa, wenye vinasaba tele, walionekana wakitetemeka na kuanguka kwa degedege. Mwaka 2001 ikawa zamu ya Kreta.

Jambo hilo lingebaki kitendawili kama kusingekuwa na damu ya miaka mingi iliyohifadhiwa kwenye majokofu. Mwaka 2008 Linda Munson na wenzake walieleza walichokipata humo. Kati ya 1976 na 2006 distempa ilipita katika makundi hayo mawili angalau mara tano bila dalili na bila vifo vya kuonekana. Simba walikuwa wale wale, kirusi kile kile. Kilichotofautisha 1994 na 2001 ni ukame mkali uliotangulia. Nyati walidhoofika, kupe wakawajaa, simba wakala nyati hao na kubeba kupe, na pamoja na kupe wakapata vimelea vya Babesia kwa kiwango kikubwa mno. Distempa ilipofika, ikashusha kinga, Babesia ikalipuka ndani ya damu, na mizoga ikaonekana. Simba waliokuwa na distempa bila mzigo huo wa Babesia hawakufa kwa wingi.

Hapa utaona mipaka ya kipimo tunachokijadili. Angetokea mtu mwaka 1993 akapima MHC za simba wote wa Serengeti bila kosa hata moja, asingetabiri 1994. Angepima kupe, mvua na chanjo za mbwa wa vijijini, angekuwa karibu zaidi na ukweli. Wala simaanishi simba wa Kreta waachwe. Bernard Kissui na Craig Packer walionyesha mwaka 2004 kwamba kinachowaweka simba hao chini ya idadi ambayo chakula cha Kreta kingeweza kuibeba ni magonjwa. Kundi dogo lililojifungia, linalopigwa na maradhi mara kwa mara, ni la kutazamwa kwa macho mawili, na MHC zao zinapaswa kupimwa. Zipimwe pamoja na hayo mengine.

Kuna wakati kipimo kinaweza hata kutoa maelezo mazuri yasiyo kamili. Tangu 1996 wanyama waitwao shetani wa Tasmania, huko Australia, wamekuwa wakiuawa na saratani ya uso inayoambukizwa kwa kung'atana. Seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka mnyama hadi mnyama. Mwaka 2007 Hannah Siddle na wenzake walionyesha kwamba MHC za wanyama hao zina tofauti ndogo, na maelezo yakawa kwamba mwili unaziona seli za mgeni kama zake. Yalikuwa maelezo ya kuridhisha. Mwaka 2013 Siddle huyo huyo alitoa utafiti mwingine: seli za uvimbe zilikuwa zimezima uzalishaji wa MHC daraja la kwanza juu ya utando wake. Sinia haikutolewa kabisa, kwa hiyo wingi wa maumbo ya sinia kwa mwenye mwili usingemwokoa kirahisi. Namheshimu sana mtafiti anayeendelea kuchimba chini ya jibu lake mwenyewe lililokwisha kupendwa na dunia.

Maabara nako kuna mitego ambayo msomaji wa matokeo hawezi kuiona. Jeni za MHC zimejirudia rudia kwenye kromosomu, na idadi ya nakala hutofautiana hata kati ya ndugu. Kuna ndege mdogo wa Ulaya aitwaye sedge warbler ambaye mmoja wao anaweza kubeba matoleo 65 ya daraja la kwanza. Ukisoma kipande cha jeni kwa ndege wa aina hiyo unapata rundo la matoleo bila kujua lipi limekaa kwenye nakala ipi, kwa hiyo hata swali rahisi, kwamba je, amerithi mawili tofauti au mawili sawa, halijibiki.

Kisha kuna uzushi wa mashine. Ili jeni isomwe, huzalishwa kwanza mara mamilioni kwa PCR, njia ya maabara ya kunakili DNA. Katika uzalishaji huo nakala ikikatika katikati inaweza kuendelea kwa kujishikiza kwenye nakala ya toleo jingine, na hapo kinazaliwa kipande chenye kichwa cha toleo moja na mkia wa jingine. Mnyama hanacho, ni mtoto wa kichupa. Kwa bahati mbaya MHC za kweli nazo hubadilishana vipande kwa njia ya asili, kwa hiyo uongo huo unafanana na ukweli. Kwenye kinyesi tatizo hugeuka upande wa pili: vinasaba ni vichache na vimechakaa, toleo moja kati ya mawili linaweza lisijitokeze, na sokwe mwenye matoleo mawili akaandikwa ana moja. Dawa inajulikana. Sampuli ileile irudiwe mara kadhaa kutoka mwanzo, zichukuliwe sampuli za siku tofauti za mnyama yule yule, na mtoto alinganishwe na mama yake, kwa kuwa toleo ambalo halimo kwa mama wala kwa baba anayejulikana lina kasoro mahali. Unaona tena kwamba hata usahihi wa maabara unarudi kwenye kumjua mnyama kwa jina.

Hata hesabu ikiwa safi, matoleo mawili yanaweza kutofautiana kwa herufi za DNA na bado yakashika vipande vile vile. Kwa upande wa kinga hayo ni moja. Na wingi una kikomo: Mathias Wegner, Manfred Milinski na wenzao walionyesha kwa samaki wadogo wa stickleback kwamba waliomudu vimelea vizuri zaidi ni wenye idadi ya kati ya matoleo, si wenye mengi kupita wote. Zaidi ya hapo, MHC ni sehemu tu ya kinga. Karina Acevedo-Whitehouse na Andrew Cunningham waliuliza mwaka 2006 kama kweli MHC peke yake inatosha kuelewa kinga ya wanyamapori, wakitaja jeni nyingine zinazotambua vimelea mapema au kuongoza ukali wa mwitikio. Swali lao bado liko mezani, kwa sababu MHC ndiyo iliyozoeleka na ndiyo yenye vifaa tayari.

Je, basi tuache kupima? Hapana, tena nataka tupime zaidi. Kongo kuna mfano wa kutia moyo. Karibu bonobo wote wa porini waliochunguzwa, hao ndugu wa karibu wa sokwe, hawana vimelea vya malaria, isipokuwa wale wa eneo la Tshuapa-Lomami-Lualaba, upande wa mashariki wa makazi yao. Mwaka 2023 Wroblewski na wenzake walionyesha kwamba mgao wa MHC za bonobo hao unatofautiana na wa wengine, ukielemea matoleo yanayofanana na HLA-B*53, ambayo kwa watu wa Afrika Magharibi imehusishwa na kinga dhidi ya malaria kali. Kulikuwa na kimelea kinachojulikana, makundi yenye nacho na yasiyo nacho, na swali lililoandaliwa kabla ya mashine kuwashwa.

Ninachokipinga ni matumizi ya namba kama fimbo ya kuamulia nani ahamishwe na nani azalishwe. Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1991 Austin Hughes alipendekeza ufugaji wa wanyama adimu uelekezwe kutunza tofauti za MHC, na wenzake wakamjibu upesi kwamba ukichagua wazazi kwa jeni chache unaweza kupoteza tofauti katika maelfu ya nyingine. Nadhani waliomjibu walikuwa sahihi. Siku hizi kusoma jeni kumekuwa rahisi zaidi, mashine ya ukubwa wa kiganja inaweza kubebwa hadi kambini, na kishawishi kitarudi kwa nguvu, hasa kwa hifadhi zilizozungushiwa uzio.

Akagera, Rwanda, ilipokea simba saba kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, wakaongezewa madume wawili miaka miwili baadaye, na wamezaliana vizuri. Kundi la namna hiyo ni hazina ya kisayansi, kwa kuwa waasisi wanahesabika na kila toleo lililomo liliingia kwa mlango unaojulikana. Sampuli za waasisi zikihifadhiwa, kila kizazi kikasomwa na kila ugonjwa ukaandikwa, baada ya miaka ishirini tutajua mambo ambayo duma wa Oregon hawakuweza kutufundisha. Zisipohifadhiwa, nafasi hiyo hairudi.

Mradi wa AfricaBP, unaolenga kusoma vinasaba vya viumbe 105,000 vya asili ya Afrika, naushangilia. Ila usomaji mmoja wa mnyama mmoja kwa kila spishi hautatuonyesha tofauti za kinga, kwa kuwa tofauti hizo ziko kati ya mnyama na mnyama. Tena MHC, kwa kujirudia kwake, ni mojawapo ya sehemu ambazo kompyuta hukosea zaidi kuziunganisha.

Kwa hiyo ombi langu kwa TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania), COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na wenzao wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaotoa vibali ni la vitendo. Anayeomba kuchukua sampuli za kupima jeni za kinga aeleze wanyama wake wanajulikana kwa jina au kwa namba, kumbukumbu zao ziko wapi, ni ugonjwa gani anaouangalia, na nani atapima kupe, mvua na mifugo ya jirani kwa miaka hiyo hiyo. Sehemu ya kila sampuli ibaki kwenye jokofu la hapa nyumbani, ikiwa na maelezo yake kamili, ili atakayekuja na swali jipya mwaka 2050 asianze upya. Na watu wa Kigoma wanaojua sura za sokwe waandikwe kwenye mpango wa fedha kwa viwango vya utaalamu wao. Andiko la utafiti wa vinasaba lisilo na fungu la mishahara yao kwa miaka kumi mbele, mimi ningelirudisha kwa mwombaji.